Siku Tuliyokwangua Chokaa

Kutoka Mpanda hadi Tunduma nilitumia siku nne, na mbili kati ya hizo nilikaa juu ya magunia ya mahindi. Lami haikuwapo wakati ule. Lori letu lilikwama kabla ya Sumbawanga, likakwama tena baada ya Laela, na kila likikwama sisi wa juu tulishuka kusukuma, kisha tukapanda tena na tope hadi kwenye nyusi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilibeba cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha ya kaki, na anwani ya kijana niliyesoma naye, aliyekuwa ameandika kutoka Kitwe kwamba kazi zipo. Tunduma kwangu ilikuwa mlango tu. Nilipanga kulala pale mara moja, asubuhi nivuke.

Mwanzo wa mji tulisimamishwa kwenye kamba. Mtu wa afya aliyevaa mabuti ya mpira alitushusha wote, akatukanyagisha gunia lililoloweshwa dawa, kisha akanyunyizia na magurudumu ya lori kana kwamba nayo yana matumbo.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Zambia."

Akacheka bila furaha. "Wenzetu ng'ambo hawapokei mtu anayetoka huku. Huku kwetu hata msibani watu hawali. Tafuta nyumba yenye choo kizuri, kaa hapo, utulie."

Ndivyo nilivyoingia Tunduma, kipindupindu kikiwa kimepamba moto.

Nyumba niliyoipata ilikuwa Chapwa, ya mama mmoja wa miaka arobaini hivi, Mnamwanga, mfanyabiashara wa maharage, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Hakuna aliyemwita kwa jina. Wazee kwa watoto walimwita Kocha, kwa sababu alikuwa amefundisha timu ya wanawake ya mpira wa pete tangu mwenyewe alipoacha kucheza. Nilipomwomba chumba hakuniuliza kabila wala dini.

"Unanawa mikono?"

"Nanawa, mama."

"Kwa sabuni, au unalowesha vidole kama kuku anakunywa?"

"Kwa sabuni."

"Ingia. Nikikukuta unadanganya, utalala na lori lako."

Nilipata kibarua cha kupakua magunia, pale ambapo lori liliruhusiwa kupita. Mji ulikuwa umefungwa kwa namna ambayo sijaiona tena popote, na nimeishi miji mingi baada ya hapo. Akina mama ntilie walikatazwa kupika. Banda la video lilipigwa kufuli. Benchi la drafti pale karibu na stendi, ambalo wazee walisema halijawahi kukaa tupu mchana, liliwekwa miguu juu. Watu waliacha kupeana mikono. Wanamwanga na Wanyiha wanajua kusalimiana kwa kupiga makofi taratibu na kuinama kidogo, basi kila mtu akarudia desturi hiyo, hata Wakinga wenye maduka, na barabarani ulisikia makofi madogomadogo kama mvua inaanza.

Uwanja ndio uliopata msiba mkubwa. Mji ule ulikuwa na sehemu moja tu ya wazi, jirani na barabara ya mpakani, na nusu yake ilikuwa uwanja wa pete wa Kocha. Kambi ya wagonjwa ilijengwa hapo. Mahema yalisimama katikati, vyoo vya shimo vikachimbwa pembeni, na kila asubuhi chokaa ilimwagwa: kwenye njia, kuzunguka vyoo, mahali alipotapika mtu, mahali palipotolewa maiti. Kutoka barabarani uliona weupe tu. Nguzo mbili za pete hawakuzing'oa. Walizizungushia waya wakatundika chupa za maji ya dripu.

Kocha aliingia kambini kwa hiari kupika uji na kufua mashuka. Aliingia kwa sababu mdogo wake, mfungaji wa timu, alikuwa amelazwa chini ya nguzo ya upande wa mashariki. Mdogo wake alifariki siku ya tatu. Kocha akaendelea kwenda kupika uji mpaka kambi ilipovunjwa. Hili nililisikia kwa majirani, si kwake.

Kambi ilivunjwa kimyakimya. Mahema yakakunjwa, mashimo yakafukiwa, mvua ikanyesha wiki mbili, na weupe wote ukazama ardhini. Kisha gari la matangazo likapita: vyakula vimeruhusiwa, mikusanyiko imeruhusiwa, michezo imeruhusiwa, mpaka umefunguliwa. Jioni hiyohiyo chapati zilinukia mji mzima. Benchi la drafti lilisimamishwa na ugomvi wake ukaanza palepale ulipoishia. Banda la video lilijaa hadi watu wakachungulia madirishani.

Uwanjani hakwenda mtu. Waliotoka sokoni walizunguka nyuma ya mashine ya kusaga, njia ndefu mara mbili, ili wasikanyage pale. Kocha aliwapitia wachezaji wake nyumba hadi nyumba. Mmoja alisema goti linauma. Mwingine mumewe hataki. Wa tatu alisema ukweli: "Kocha, mimi siwezi kukimbia juu ya watu."

Malori hayakuwa na hofu hiyo. Madereva waliokuwa wakisubiri kuvuka walianza kuegesha ukingoni mwa uwanja, kwanza mawili, kisha saba, yakisogea ndani kila siku kidogo. Kocha akaenda kwa mtendaji wa kata, nami nikamsindikiza.

Mtendaji hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti. "Kocha, madereva wanataka mahali pa kuegesha, na halmashauri nayo inawatafutia. Nikisema pale ni uwanja wa michezo, wataniuliza nani anacheza. Nijibu nani?"

"Sema timu yangu."

"Timu yako iko wapi?"

Mtendaji akafunga daftari lake polepole. "Mwisho wa mwezi nakabidhi taarifa. Nikikuta watu wanacheza, naandika uwanja. Nikikuta malori, naandika malori."

Zilikuwa zimebaki Jumamosi mbili. Kocha alituma salamu Nakonde, ng'ambo, kwa timu ya binamu zake, na wakakubali kuja Jumamosi ya kwanza. Aliamini kwamba wageni wakishasimama uwanjani, wachezaji wake wataona aibu kukaa nyumbani. Aliniambia hayo huku akichagua maharage. "Wakichukua pale," alisema, "hakuna pengine. Tutacheza juu ya paa?"

Nilitaka kumsaidia. Shuleni mimi ndiye niliyechora mistari ya uwanja, na nilijua kuinyoosha kwa kamba na vigingi. Ijumaa baada ya kazi nilikwenda ofisi ya kata, nikaomba chokaa. Karani akanifungulia stoo, akanionyesha mifuko miwili iliyobaki kutoka kambini. Nikabeba yote. Nilivuta kamba, nikapima kwa hatua, nikachora mstari wa nje, mistari ya kugawa, nusu duara mbili na duara dogo la katikati. Jua lilikuwa bado lipo nilipomaliza. Nikakaa kwenye jiwe nikaiangalia kazi yangu. Ilikuwa safi, nyeupe pe, iliyonyooka. Nikaenda kuoga nikiwa na furaha.

Ningejuaje? Mimi sikuwa na mtu aliyetolewa kwenye hema. Chokaa kwangu ilikuwa chokaa.

Asubuhi niliamshwa na kelele. Mama mmoja muuza dagaa, mnene, mwenye sauti ya kuvusha mto, alikuwa amesimama barabarani na sinia kichwani. "Wamerudi! Jamani, wamemwaga tena usiku!" Kabla sijafunga kamba za viatu, habari ilikuwa imefika stendi kwamba kambi inafunguliwa upya. Mama ntilie mmoja alimwaga supu nzima mtaroni. Watu wa drafti walipindua benchi wenyewe bila kuambiwa. Mtu wa baiskeli alivuka ng'ambo, na timu ya Nakonde, iliyokuwa tayari imevaa sketi za mchezo na kufika karibu na kizuizi cha mpakani, ikageuza njia.

Nilimkuta Kocha ukingoni mwa uwanja. Alikuwa amekumbatia mpira, anaangalia ile mistari.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, Kocha. Nilitaka..."

"Umepima vizuri." Akauhamishia mpira kwapani. "Mtoto wa Mpanda, umetutandikia sanda."

Nilimwambia nitaifuta. Nikakimbia nyumbani kuchukua jembe, nikaanza kukwangua peke yangu kwenye pembe, uso ukinichoma kwa aibu. Watu walikuwa wameshajaa barabarani, wengi wao wanawake, na walipojua kwamba si serikali bali ni mpangaji wa Kocha, hofu ikageuka hasira. Nilitukanwa kwa Kinamwanga, kwa Kinyiha, kwa Kibemba, na kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa.

"Hata kukwangua hajui! Anaifukia badala ya kuitoa!" Huyo alikuwa muuza dagaa. "We kijana, mama yako alikufundisha kufagia?"

"Alinifundisha, shangazi."

"Shangazi yako nani? Toa hiyo kitu hapa! Toa yote!"

Akatua sinia. Akamnyang'anya mtu mmoja jembe, akaingia uwanjani huku bado ananitukana, akaanza kunionyesha. Alikwangua kwa nguvu, udongo na chokaa pamoja, akaurundika. Mwingine akaja na koleo. Mwingine na beseni la kubebea. Hakuna aliyewaita. Walichotaka ni kwamba ile rangi isionekane tena machoni mwao, na kwa kuwa mimi nilikuwa mzembe, ilibidi waje wenyewe. Ndani ya saa moja nilihesabu wanawake zaidi ya ishirini wameinama katika mistari yangu kama watu wanaopalilia shamba la jirani, wakifuata nusu duara hadi mwisho. Wachezaji wa Kocha walikuwemo, hata yule wa goti.

Udongo wote mweupe tuliubeba tukautupa kwenye shimo la taka nyuma ya mashine ya kusaga. Kazi ilipokwisha walisimama wameegemea majembe, jasho linawatoka. Nadhani ndipo kila mmoja alipotazama chini akajiona mahali alipo.

Kocha alikuwa amerudi ukingoni. Katika kazi yote ile aliingia uwanjani hadi katikati tu. Upande wa mashariki hakusogea.

Muuza dagaa akaelekea huko, kwenye nguzo. Waya za kutundikia dripu zilikuwa bado zimezungushwa, zimeanza kushika kutu. "Na hizi mnaziacha?" Akainua jembe, akaingiza ncha kwenye waya, akavuta. Wa kwanza ukakatika. Wa pili uligoma, akautukana kwa lugha ya kwao, ukakatika. Akazikunja akazitia mfukoni mwa aproni yake. Kisha akarudi nyuma hatua moja akaitazama pete.

"Kama imepinda," akasema. Akamgeukia Kocha, na sauti yake ikashuka. "Dada, lete mpira tuone kama imepinda."

Kocha hakutupa mpira. Alitembea nao mwenyewe, taratibu, mpaka chini ya nguzo. Akaweka kiganja kwenye mti ule, akakaa hivyo muda ambao hakuna aliyeuhesabu. Muuza dagaa akaanza kupiga makofi, yale madogo ya kusalimia, na kuinama. Wengine wakafuata. Baadaye Kocha akafuta uso kwa kanga, akampa mpira.

Muuza dagaa hakuwahi kucheza maishani. Mpira wake ulipita juu ya nguzo ukaangukia bonde la mtaro. Wote wakacheka, na kucheka huko ndiko kulikovunja kitu. Yule wa goti akaufuata akikimbia. Akaurusha kwa senta, senta akampa mwingine, na kabla ya dakika tano walikuwa wamegawana pande mbili, wengine peku, mmoja na mtoto mgongoni, hakuna mstari hata mmoja, wanabishana mpira umetoka au haujatoka.

Mtendaji alifika anatweta. Alikuwa ameambiwa kambi imerudi bila yeye kupewa barua.

"Kuna nini hapa?"

"Mazoezi," Kocha akasema bila kugeuka. "Sogea, baba, umesimama kwenye njia ya senta."

Mtendaji akasogea. Akatazama majembe yaliyolala pembeni, akanitazama mimi niliyejaa chokaa, hakuuliza zaidi. Mwisho wa mwezi aliandika uwanja.

Nilikaa Tunduma mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nakonde walikuja baada ya wiki mbili, wakatufunga, nasi tukawafuata kwao tukafungwa tena. Mistari niliendelea kuichora mimi, lakini kwa jembe: kifereji chembamba nilichokijaza pumba za mpunga kutoka kwa wachoma matofali, nikazimwagia maji zisiruke. Haikuwa minyoofu. Kocha alinipigia kelele kila Ijumaa.

Mpaka ulikuwa wazi siku nyingi, lakini hamu ya kuvuka ilikuwa imeniisha, ikaja nyingine. Mimi ni mtu wa namna hiyo mpaka leo, nikizoea mahali miguu inawasha. Nilipata nafasi kwenye gari lililokuwa likitoka Tunduma kuchukua kahawa Mbozi na kuipeleka Moshi. Lingenipitia asubuhi barabarani, karibu na uwanja. Kocha alinisindikiza.

"Sasa nani atachora mistari?" akauliza.

"Utapata mtu."

"Mtu nitapata. Anayekubali kutukanwa, huyo ndiye haba."

Alikuwa anataka kusema jambo jingine. Nilimwona amefungua mdomo. Lakini lori moja la mafuta lilikuwa linarudi nyuma taratibu, magurudumu yake yanakaribia kona ya uwanja. Kocha akaniachia mfuko wangu mkononi, akainua kanga, akakimbia. "We baba! We baba wa lori! Huoni pana mstari hapo?" Dereva akatoa kichwa dirishani akasema haoni mstari wowote, anaona pumba. Wanawake wawili wa timu waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakageuza njia, wakajiunga.

Nilisubiri amalize, tuagane vizuri. Gari la kahawa likafika, likapiga honi mara mbili. Kocha alikuwa amesimama nyuma ya lori, mikono kiunoni, na dereva alikuwa ameanza kuingiza gia ya mbele. Nikapanda.