Nilikula Hindi Bichi, Nikanyamaza

Wapendwa, msinitafutie sababu. Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, hindi la kuchoma mkononi.

Marehemu kaka yangu alimwachia mkewe shamba la mipaina kule Kichiwa. Kwetu Njombe miti ndiyo akiba ya nyumba. Ilipokomaa, shemeji akaamua kuiuza anunue karakana ndogo ya kupasua mbao iliyokuwa kando ya barabara, nje kidogo ya Makambako. Akaniomba nikamkagulie, maana nimefanya kazi za mbao miaka mingi na sikuacha mtu asijue.

"Mimi mashine sizijui, shemeji," aliniambia. "Wewe ndiye macho yangu."

Nikaenda Agosti, upepo wa Makambako unapenya mpaka mbavuni. Nikawasha mashine, ikanguruma vizuri. Umeme upo, bati zima, lori linaingia na kugeuza bila shida. Nikamwambia mwenye mali, nikijiona bwana mkubwa, kwamba hapa hakuna cha kuuliza.

Akafurahi. Akazunguka nyuma ya banda, akarudi na mahindi mabichi, tukayachoma kwa masalia ya mbao huku tukiota moto.

Sasa mimi ni Mbena. Nimelima vinyungu tangu utotoni, tope mpaka magotini. Agosti huku juu kumekauka, na hindi bichi linatoka kinyunguni tu, bondeni, kwenye ardhi isiyokauka mwaka mzima. Na hili limetoka nyuma ya banda! Nilielewa kabla sijameza punje za kwanza: karakana ile imejengwa juu ya kinyungu kilichofukiwa.

Nilipaswa kuinuka nikaangalie. Sikuinuka. Nilishasifia, nikaona aibu kumeza maneno yangu mbele ya muuzaji. Na moto ulikuwa mtamu.

Jioni shemeji akapiga simu. "Na nyuma kukoje?"

"Kukavu," nikasema.

Miti ya kaka ikakatwa, karakana ikanunuliwa. Mvua zilipoanza, sakafu ikatitia upande wa mashine, mbao zikawa zinatoka nene huku, nyembamba kule. Nani anunue? Lori la kwanza kuja kupakia lilizama, likavutwa kwa trekta, na madereva wakaambiana. Leo mashine imefunikwa turubai, na binti mkubwa wa kaka, aliyekuwa aende chuo, yuko nyumbani anapalilia viazi vya watu.

Nilimfuata shemeji kumwomba radhi. Nikamwambia sikujua kuwa pale ni bondeni. Yaani nimekwenda kutubu, nikadanganya tena! Akaenda kuchochea moto.

Agosti iliyofuata akaniita kwake pamoja na wanangu. Nyuma ya banda amepanda mahindi, ndiyo faida pekee anayoipata pale. Akaniletea hindi la kuchoma kwenye sahani, mbele ya wanangu.

"Kula, shemeji. Ni la kule kukavu."

Nililila lote. Angenitukana ningeshukuru.

Wewe unayeaminiwa kuwa macho ya mwenzako, ukiona kitu kiseme palepale, hata kama ulishasifia. Aibu ya yule muuzaji ingeniisha kabla sijafika stendi. Hii ya shemeji, kila Agosti naletewa kwenye sahani.