Pipa Nyuma ya Jikoni

Juzi nilikuwa sokoni Thika nikivutana bei ya vitunguu na mama mmoja, upepo ukageuka, ukaniletea harufu ya majani ya kabichi yaliyoozea kwenye tope. Nikanyamaza katikati ya bei, jambo ambalo si kawaida yangu, nikalipa alichosema. Harufu hiyo naijua. Nimelelewa nayo.

Tuliishi Gatongora, kwenye ploti ya nyumba sita, na nyuma ya jikoni mama alikuwa na kashamba ka sukuma wiki na terere. Miaka yote alikalisha mbolea ya dukani na kukapulizia dawa ya wadudu, na mboga zilitoka safi kama za kuchorwa. Kisha, nikiwa na miaka kama kumi, akarudi kutoka chama chake cha akina mama akatangaza kwamba dawa za dukani haziingii tena nyumbani kwetu. Akaleta pipa la plastiki. Akalijaza majani ya maruru, kile kichaka chenye maua ya manjano kinachoota kando ya barabara, akaongeza mavi ya ng'ombe na maji, akaliacha lioze liwe mbolea.

Yaliyofuata ningependa kuwaficha, lakini tumeshazoeana. Pipa lilipoiva, juu yake palikaa povu la kijivu, na ndani ya povu funza wenye mikia mirefu, wakiogelea kwa raha kama wageni waliolipia. Kazi yangu ilikuwa kukoroga kila nikitoka shule. Ule uji ulinirukia mkononi, na uvundo ukaingia kwenye nywele, kwenye sweta, hata kwenye chai. Nikimaliza, naokota viwavi kwenye majani kwa vidole. Ukimshika kiwavi kwa nguvu, anapasuka kijani. Ukimshika kwa upole, anakutapikia, kijani vilevile.

Mama mwenyewe pipa lilimshinda. Alijifunga leso puani, akakoroga kidogo, akakimbilia nyuma ya tangi la maji kutapika, akajifuta mdomo, akarudi kukoroga. Nikaona hapo kuna biashara. Nikamwambia arudi kwenye dawa, nami nitaosha vyombo vya jioni mwezi mzima bila kusukumwa.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza kufua.

"Bado hujafika."

Tumaini langu likabaki kwa Mama Shiro, jirani wa mlango wa pili, aliyelalamika kila asubuhi hadi ploti nzima ikasikia. Mwishowe akampigia landlodi simu. Landlodi akaja Jumamosi na kitambaa puani.

"Mama Nyambura, chagua. Hii pipa itoke leo, ama utoke nayo."

Nilifurahi kimoyomoyo. Mama alimvuta Mama Shiro hadi kwenye kamba ya nguo, akamwambia maneno machache sikioni. Mama Shiro akamgeukia landlodi.

"Baba Ken, ni mimi nilikuita, lakini nimenusa tena. Hiyo ni choo yako. Imejaa tangu Pasaka."

"Si wewe ndio uliniambia ni pipa?"

"Nilikuwa na homa. Pua ilikuwa imeziba."

Wapangaji wengine, waliokuwa wakisubiri tu mtu aanze, wakadakia habari za choo. Landlodi aliondoka akiahidi kuleta lori la kunyonya. Pipa likabaki. Mama Shiro sikumsalimia kwa wiki nyingi.

Ndugu yangu Kamande alizaliwa mwisho wa mwaka huo. Mwaka uliotangulia mama alikuwa amelazwa hospitalini, akarudi amenyamaza, nami nikaambiwa ni malaria. Mama Shiro ndiye aliyelala naye kule. Hakuna daktari aliyesema kilichoitoa ile mimba ya kabla ya Kamande ni dawa ya mboga. Mama hakutaka tu kujaribu tena aone.

Haya niliyaunganisha nikiwa mtu mzima, mimi mwenyewe nikiwa na mimba, nimesimama mtaani Kimbo kwenye duka la dawa za shamba na chupa mkononi, nikisoma maonyo yake. Niliirudisha pale pale. Jioni nikampigia mama, nikamuuliza mbona hakuniambia. Ningejua, ningekoroga lile pipa bila kununa.

"Wewe?" akasema. "Ungenipandishia bei."