Karatasi Mbili za Mfereji Mmoja

Siku hizi vijana wanaiita programu huria: mtu anaandika programu ya kompyuta, anaigawa bure, na anayeichukua ana ruhusa ya kuifungua na kuibadilisha. Sisi tulikuwa na kitu hicho mjini Same, Upareni, wakati sukari bado tukiihesabu kwa vijiko, na hatukujua kama kina jina.

Nilikuwa mpiga chapa wa shule ya sekondari. Soko lilikuwa limefunguliwa, mitumba imejaa kila kona, na kahawa ya wazazi wetu haikuwa na bei ya kumtoa mtu kitandani. Shuleni nasi tukapata mitumba yetu: kompyuta mbili zilizokwisha kuchoshwa na watu wengine huko zilikotoka. Ndani ya boksi kulikuwa na kitabu cha kufundisha kuziandikia amri. Hakuna aliyekigusa, nikakigusa mimi.

Programu niliyoandika ilipanga zamu za maji. Kijijini kwetu, milimani juu ya mji, maji hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo walilochimba babu zetu, halafu hushuka kwa mfereji shamba kwa shamba. Programu ilichapa karatasi: leo nani, kesho nani. Aliyetaka nakala alikuja na disketi yake. Sharti lilikuwa moja, ukibadilisha kitu, uturudishie disketi tuone. Hata wakulima wa mpunga wa Kihurio waliichukua, wakairudisha na mambo yao ndani. Nilijisikia mtu. Maisha yangu yote nilikuwa nikipiga chapa barua za wengine, na hiki kilikuwa cha kwanza kutoka kichwani mwangu.

Mwenzangu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge kule tambarare, mtu mpole wa kuudhi. Yeye ndiye aliyekuwa akinirekebishia makosa. Siku moja akaniambia programu yetu imebanwa mno.

"Dada, hii inaweza kupanga chochote. Wanafunzi, wagonjwa, wapiga kura. Tuiondolee habari za mfereji, majina yaende kwa alfabeti."

"Wagonjwa wana hospitali yao," nikamjibu. "Hii ni ya maji."

Tulibishana wiki nzima. Sikumbuki yote niliyosema, na ninashukuru. Mwishowe kila mmoja akashika disketi yake. Yake ikaenda kwa alfabeti, na aliongeza sehemu ya mtu kumwachia mwingine zamu, jambo nililoliita mapambo. Yangu ilifuata mfereji, shamba la juu kwanza, bila kugeuka. Watu wa upande wa juu wakabandika karatasi ya mwalimu, wa chini wakabandika yangu.

Matokeo yake ni kwamba asubuhi ya Jumanne moja wanaume wawili walikutana kwenye mlango wa ndiva, kila mmoja na jembe begani na karatasi mkononi, kila karatasi ikisema leo ni zamu ya mwenyewe, na zote mbili zilikuwa za kweli. Hawakupigana. Walikaa chini, maji yakakaa bwawani, na siku ikapita hakuna aliyemwagilia.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde, akatuita wote wawili.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba. Jumamosi ni msaragambo." Huo ndio utaratibu wetu wa Wapare: baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu kwa kazi ya wote. "Mje. Kila mmoja ataendesha maji kwa karatasi yake, kwa miguu yake. Zikishindwa zote mbili, tunarudi kuhesabu kwa vidole kama zamani, na hilo likompyuta lenu lipange wagonjwa."

Sikulala vizuri wiki ile. Niliogopa kweli.

Jumamosi alianza mwalimu. Jina la kwanza kwa alfabeti lilikuwa mkiani kabisa mwa mfereji, la pili karibu na ndiva, la tatu mkiani tena. Kila alipofunga chini na kukimbilia juu, maji yaliyobaki njiani yalinywewa na udongo. Watu waliacha majembe kumtazama akipanda na kushuka na viatu vyake vya darasani. "Mwalimu, umesahau nini tena huko?" wakamtania. Alicheka nao, jasho likimtoka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Zamu yangu ikafika. Shamba la kwanza, safi. La pili, safi. Nilitembea kifua mbele. Kwenye la tatu nikafungua maji, na hapakuwa na mtu wa kuyapokea. Nyumba ile ilikuwa na msiba. Kwetu wafiwa hawashiki jembe, zamu yao huchukuliwa na jirani na hurudishwa baadaye. Mtoto mdogo analijua hilo. Mimi niliyezaliwa pale, niliyejigamba naujua mfereji kama kiganja changu, sikuliandika popote, kwa sababu nilidhani halihitaji kuandikwa. Maji yakajaa, yakamwagika kwenye maharage ya jirani, nami nimesimama na karatasi kama askari wa lindo. Mwalimu ndiye aliyekuja mbio kuyafunga.

Tulipokuwa tukila makande ukingoni nilimwuliza alijuaje habari ya kuachiana zamu.

"Sikujua," akasema. "Mkongeni baba akiugua, mwenzake alimkatia mkonge wake. Nikadhani na huku watu wanaugua."

Aibu ilinishika, na nilikuwa nimeipata kwa haki.

Tuliziunganisha programu zetu kwa siku tatu shuleni baada ya vipindi, tukigombania kiti. Mfuatano ukawa wa mfereji, ule wangu. Kuachiana zamu kukawa kwa namna yake, na tukaongeza sehemu ya kurudisha zamu wafiwa wakimaliza matanga. Tukapanda mlima na karatasi moja.

Mwenyekiti aliisoma kwa kidole, jina kwa jina, kamati nzima ikimzunguka. Aliporidhika akainua macho.

"Sasa hii ni ya nani?"

"Ya mwalimu," nikasema.

"Ya dada," akasema mwalimu, wakati uleule.

Akatutazama kwa zamu. "Kumbe haina mwenyewe."

Akaniomba kalamu, akaiweka karatasi juu ya goti, akaanza kuibadilisha. Roho iliniuma kidogo. Halafu nikamsogelea, nione anaandika nini.