Ini la Kiapo

Urafiki wetu na Wazigua, mwaka ule Wadachi, yaani Wajerumani, walipotupiga kwa mizinga, ulinigharimu fahali, majora mawili ya kaniki na kovu kifuani. Nimehesabu mara mbili. Kovu ndilo lisilokwisha kulipwa.

Tulikuwa tumeuhama mji wetu wa Bagamoyo, tumekimbilia Zinga, mke wangu ana mimba pevu. Kati yake na Wadachi hapakuwa na kitu ila kambi ya Wazigua, nao walishatuchoka: walisema sisi watu wa mjini tunapigana kwa midomo. Wazee wakanituma mimi nikawatulize, maana nilijua kupatana bei.

Mkuu wao nilimkuta amekalia kinu kilichopinduliwa. Hakunikaribisha.

"Mwarabu, umekuja kununua vita?"

"Nimeleta fahali, mkubwa wangu. Ila achinjwe na mtu wangu."

"Kwani mkono wangu una najisi?"

"Una bunduki. Kisu nimekuja nacho."

Watu wake wakacheka, yeye hakucheka. Fahali akachinjwa. Kisha akasema nyama haitoshi: tuchanjiane, la sivyo alfajiri wanarudi kwao. Yaani tuchanjwe kifuani, kila mmoja ale kipande cha ini kilichopakwa damu ya mwenzake. Na damu kwetu ni haramu.

"Nitaongeza jora la kaniki," nikasema.

"Lete." Akalipokea. "Sasa vua kanzu."

"Majora mawili, tuishie kupeana mikono."

Akalipokea na la pili. "Mbona bado umevaa?"

Nikamkumbuka mke wangu, nikavua. Ini nililimeza bila kutafuna. Yeye alitafuna polepole, macho kwangu, kama anayeonja mchuzi wa jirani asiyempenda.

"Chumvi kidogo," akasema.

Mzee wao akatamka kiapo: wanangu ni wanawe, wanawe ni wanangu, na atakayekana, damu imuue.

Hatukupendana hata siku moja. Lakini kambi haikuondoka. Mwanangu akazaliwa salama, na mkuu yule akafa hapo hapo Zinga, akiwazuia Wadachi.

Miaka imepita, mwanangu ni mtu mzima; jana mwana wa mkuu yule alifika barazani kwangu. Hakuamkia.

"Baba mdogo, nimefuata fungu langu la shamba lako."

Mwanangu akamkaba shingo. "Baba mdogo wa nani? Toka!"

Niliwaachanisha, lakini mgeni hajaondoka. Sheria ya mirathi haimjui kijana huyu. Kiapo kinamjua. Enyi wenye elimu, nishaurini: nimpunguzie mwanangu fungu lake, au niikane damu niliyoimeza?