Riwaya Ambayo Mama Kurasa Hakuisimulia

Kwa Mama Kurasa, mtu mwenye nywele nzuri na asiye na riwaya mkobani alikuwa maskini wa upande mmoja. Jina hilo alipewa na wateja wake, naye alilipokea kwa mikono miwili. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga: kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti viwili, draya moja yenye kelele, na rafu ambayo kwa msusi mwingine ingebeba mafuta na vibanio. Yake ilibeba riwaya. Mafuta na vibanio vilikaa sakafuni, ndani ya beseni.

Kusuka rasta ndogondogo ni kazi ya kutwa, na mtu aliyekalishwa kitini kutwa nzima hana pa kukimbilia. Mama Kurasa alilijua hilo vizuri sana. Akishachana nywele, akishapitisha vidole utosini na kisogoni, anatoa hukumu. "Wewe umechoka kufokea watu," alimwambia trafiki mmoja wa kike, mkali huyo, madereva walikuwa wakimwona tu wanafunga mikanda. "Chukua hiki. Kuna mjane anampenda fundi saa, na wote wawili hawajui waanzie wapi." Yule trafiki alikichukua ili yaishe. Baada ya siku chache alionekana ameketi ukingoni mwa barabara, kofia mapajani, anasoma, na magari yanajipitia yenyewe. Sitii chumvi, waliomwona wapo.

Vijana walioletwa na mama zao wamenuna aliwapa ile ya kipa wa timu inayofungwa kila Jumamosi. Waliingia wakitafuna maneno, wakatoka wakiuliza kama kuna nyingine. Wakubwa aliwapa ile ya ndugu wawili wasiosemeshana wanaolazimika kupaka rangi nyumba moja. Fundi umeme aliyekuja kurekebisha draya aliisoma hiyo, kisha akampigia simu kaka yake palepale, amesimama juu ya ngazi.

Yeye mwenyewe shule aliiacha njiani, akafundishwa kusuka na shangazi yake. Riwaya ya kwanza ilisahauliwa na mteja kitini. Aliifungua atafute jina la mwenyewe, akajikuta ukurasa wa mwisho, maharage yameungua na nyumba imejaa moshi. Tangu siku hiyo kuna jambo moja lilimshinda kulizoea. "Jamani, ni karatasi tu!" alikuwa akisema, ameshika kitabu na kukigeuza huku na huku. "Humu ndani hamna mtu. Sasa huyu mama mzima anayelia chini ya draya, anamlilia nani?" Hakuna aliyewahi kumpa jibu, na hakuchoka kuuliza.

Lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe dawa iligoma. Binti yake, wa kidato cha nne, alikuwa na kichwa kilichonyolewa kipara tangu mwaka uliopita, na maneno yake kwa mama yake yalikuwa ndiyo, hapana, na nimeshakula. Na alikwishakata kauli: akimaliza mtihani anahamia kwa mama mkubwa, mji mwingine, na harudi. Mtihani wenyewe ulikuwa mlangoni.

Mama Kurasa hakujua njia nyingine ya kumfikia mtu. Akamwekea ya kipa juu ya mto. Akamwekea ya msichana dereva wa treni. Akamwekea ya mapacha waliobadilishana shule. Zote zilirudi kwenye rafu, zimenyooka, hata kona haikukunjwa.

"Umeionaje?" alimuuliza.

"Iko sawa."

Kwa mtu wa riwaya hakuna tusi zito kuliko hilo. "Mtoto hataki hata nimguse kichwa," alimlalamikia muuguzi, mteja wake wa siku nyingi. "Sasa nitajuaje asome nini?"

"Labda hataki kusoma, shoga yangu. Labda anataka kulala."

"Ataka kuniacha, huyu," alisema Mama Kurasa.

Jumamosi moja alasiri, mteja wa mwisho alipokwishachovya ncha za rasta zake kwenye maji ya moto ili zisifumuke, na kuondoka, binti alitokea mlangoni. Mkononi alikuwa na kitabu chenye mhuri wa maktaba ya shule.

"Mama, soma hiki."

Mama Kurasa nusura amwage maji. Alikuwa amewagawia watu vitabu miaka nenda rudi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia neno hilo. "Mimi?"

"Wewe. Ila usiwasimulie wateja."

Jumapili saluni ilifungwa. Akaketi kwenye kiti cha wateja, mlango wazi apate mwanga, akaanza. Ilikuwa habari ya mwanamke mpiga picha mwenye studio yenye dirisha kubwa la kioo, na binti yake wa pekee. Mama yule alimpiga mtoto picha akicheka, akilala, akipiga mswaki, na picha zote alizitundika dirishani, mtaa mzima uzione. Mama Kurasa alimpenda mara moja. Mwanamke mchapakazi, mwenye upendo, mwenye watu! Akaanza hata kuwapanga wateja wa kuwapa: muuguzi kwanza, halafu trafiki.

Kisha akafika pale msichana anaporudi kutoka shule analia. Mama yake, kabla hajauliza kitu, anaona jinsi mwanga unavyoyaangukia yale machozi, na mkono wake unaifuata kamera. Picha inatundikwa. Watu wanasimama barabarani kuistaajabia, wengine wanajifuta macho, na mama yumo ndani anaona fahari. Tangu siku hiyo, kamera ikiinuliwa tu, mtoto anageuza mgongo.

Mama Kurasa alikiweka kitabu mapajani.

Mwaka uliopita binti yake alisimama kuhutubia shule nzima, na maneno yakampotea yote. Alikimbilia chooni, akajifungia, akawa anajihutubia mwenyewe kule ndani hadi kengele ilipolia. Jioni alimsimulia mama yake karibu na jiko, kwa kunong'ona. Kesho yake asubuhi Mama Kurasa aliisimulia saluni. Aliisimulia kwa mapenzi, akaitia chumvi kidogo hapa na pale, na wanawake walicheka, wakalia, wakasema masikini mtoto wa watu. Kwenye kiti cha pili alikaa mama wa msichana aliyesoma darasa moja na binti. Yaliyotokea shuleni baada ya hapo Mama Kurasa hakuyauliza. Wiki ile mtoto alirudi nyumbani na kipara, naye akamwambia kinampendeza.

Aibu ilimshika, aibu ya kweli, inayochoma masikio. Alisoma hadi mwisho hivyohivyo, kurasa nyingine alizirudia kwa sababu ya machozi. Lakini juu ya aibu kulikuwa na kitu kikubwa zaidi. Mtoto huyu hakumpigia kelele. Hakumtukana. Aliingia maktaba, akapita rafu baada ya rafu, akiwa na mtu mmoja tu kichwani, akaipata riwaya hii, hii hasa, akaileta. Mama Kurasa alikuwa amepapasa vichwa vya mji mzima, na hajawahi kumpatia mtu kitabu namna hiyo. Kwa hiyo ndivyo wanavyojisikia, aliwaza. Mtu anakuletea karatasi, na wewe umo ndani.

Alimkuta binti kitandani na daftari za mtihani.

"Nimeimaliza."

"Na?"

Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Nilikutundika dirishani," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Binti alimtazama. "Tutaona," akasema, akarudi kwenye daftari.

Jumanne muuguzi alikuja kufumua na kusuka upya. Binti alikuwa nyumbani kujiandaa na mtihani, na alikuwa ameketi karibu na mlango akikunja taulo.

"Haya, lete maneno," alisema muuguzi, akijinyoosha kitini. "Wiki hii umesoma nini?"

"Nimesoma moja."

"Nzuri?"

"Sijawahi kusoma kama hiyo."

"Mungu wangu! Inahusu nini?"

Mama Kurasa aligawa nywele, akabana. "Hiyo si yangu kuisimulia."

Muuguzi aligeuka, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Huna homa," alisema. "Sasa una nini?" Mama Kurasa alimrudisha kichwa mahali pake, akaendelea kusuka. Draya haikuwashwa.

"Inahusu mama mpiga picha," binti alisema. "Na mtoto wake."

Hakuinua macho kutoka kwenye taulo, lakini aliendelea. Alisimulia dirisha la kioo, kicheko, mswaki. Sauti ilianza ndogo, ikapata nguvu, na muuguzi akasahau kuuliza maswali. Alipofika kwenye picha ya machozi alisita. Mama Kurasa alishikilia fungu la nywele hewani, kwa kuwa hivyohivyo ndivyo maneno yalivyomkimbia binti mbele ya shule nzima. Safari hii hayakukimbia. Aliisimulia picha ile yote, na watu waliosimama barabarani, na mgongo.

"Masikini," alisema muuguzi. "Na huyo mama? Hakujua anachomfanyia mwenzake?"

Binti aliweka taulo juu ya nyingine, akazinyoosha kwa viganja.

"Wa kwenye kitabu hakujua," alisema. "Wangu amejua."