Dari Aliyoisugua Latif

Latif wa Mbugangari ni mtu wa usafi, na usafi huohuo nusura umuulie mke.

Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kushuka kwenye mfereji wa zege wa majitaka, unaopita chini ya barabara ya mtaani kwake. Waliomcheka kwa harufu aliwajibu kwamba harufu haijamlaza mtu na njaa. Mwaka jana injinia Umuhire, binti aliyekulia Tanzania, akabandika kwenye dari ya mfereji nyuzi za kioo, nyembamba kama uzi wa cherehani. Akamweleza kwamba vijidudu vya majitaka hutoa asidi, na asidi hula zege kimyakimya. Mwanga unaopita ndani ya nyuzi huipima, namba zikafika ofisini. Kazi ya Latif ni kuzilinda zisikatike.

Alizilinda kupita kiasi. Majuma matatu kabla ya umuganda, ile Jumamosi ya kazi ya pamoja mtaani, alisikia wakubwa wanakuja kukagua. Akaitazama dari, imejaa ute mweupe kama maziwa yaliyoganda, akaona aibu. Mama yake alimlea kwa neno moja: usafi ni nusu ya imani. Basi akachukua brashi na mpira wa maji, akaisugua dari pamoja na nyuzi zake mpaka ikatakata. Wakubwa wakamsifu, naye akatembea wiki nzima kifua mbele.

Jumamosi ya umuganda ikafika. Watu walijaa barabarani na majembe yao, Uwera mkewe akiwa pale juu ya mfereji hasa, anapiga soga na jirani. Lori la mawe likaanza kurudi nyuma kuelekea kwao, taratibu.

"Injinia," Latif akamuuliza Umuhire aliyesimama kando yake, kwa kuzungumza tu, "hapa patabeba lori?"

"Patabeba, Mzee Latif. Namba ni nzuri. Majuma matatu haya asidi imeshuka ghafla, hata mimi nashangaa."

Majuma matatu. Latif akahesabu nyuma: ndiyo siku aliyosugua. Nyuzi zilipima brashi yake na maji yake. Zege lenyewe hakuna aliyejua limeliwa kiasi gani. Na akijisema, kibarua kimeota nyasi, na watoto watatu wako shuleni.

Akanyamaza. Sitamfichia aibu yake, alinyamaza, na lori likarudi hatua tatu.

Kisha akakimbia, akasimama nyuma ya lori mikono juu. Dereva akafunga breki akimtukana.

"Injinia, toa watu," alisema. "Ile dari mi nilisugua. Na burashi, na maji. Namba yako iko ya uongo."

Umuhire akageuka kuwaondoa watu barabarani, wote, mpaka ng'ambo. Lori liliposogezwa mbali, alishuka ngazi mbili tu kwenye tundu la mfereji, akachomeka bisibisi darini. Ikazama mpaka kwenye mpini, kama imechomwa kwenye kiazi kilichoiva.

Alipopanda juu alinyoosha mkono. Latif akampa ufunguo wa mfuniko wa mfereji bila kuulizwa.

"Ungeniambia siku ileile, Mzee wangu," Umuhire alisema. Alikuwa karibu kulia.

Nyumbani, majirani walikuja kumpongeza Latif kwa kuokoa watu. Alipokea pongezi akiangalia chini. Walipoondoka, akamwambia mkewe yote, na zile hatua tatu hakuziacha.

Uwera alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama.

"Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Na lori ilibakisha hatua ngapi inifikie?"

Latif alikuwa amezihesabu mchana kutwa.

"Ine," akasema, akimwonyesha vidole vinne.

Uwera akarudia maharage yake. Yalipoiva alimpakulia kama siku zote, sahani imejaa, kisha akaenda kula chakula chake nje.