Maji Ambayo Hayakumwagika

Hadi leo nikiona barua ya kumtaka mtu ajieleze imekunjwa mara tatu ndani ya bahasha ya kaki, damu inanichemka. Ile ninayoikumbuka zaidi haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama anayefagia maabara ya metali katika taasisi ya ufundi hapa Likasi, ambako mimi ni fundi wa vipimo. Aliletewa asubuhi akiwa bado na ufagio mkononi, akanipa nimsomee kwa sababu miwani yake ilibaki nyumbani. Barua ilisema amemwaga maji mezani, ameharibu chombo cha serikali, na ana siku mbili za kujibu. Kwetu jibu lisiporidhisha, mtu anarudishwa nyumbani.

Nilisoma mpaka mwisho. Mama huyo ni mjane wa mfanyakazi wa kiwanda. Mtoto wake wa kwanza alishaingia mashimo ya madini ya Kamatanda kuchimba, na kazi hii ya ufagio ndiyo iliyowazuia wale wawili wa nyuma wasimfuate. Hakulia. Alisema tu:

"Mi sikumwanga maji, papa. Ile meza minaipanguzaka na kitambaa ya kukauka. Weye mwenyewe unaonaka."

Nilikuwa naona, kweli. Miaka yote niliyofanya kazi naye, ndoo yake haikuwahi kuvuka mlango wa chumba cha kompyuta.

Chombo chenyewe ni kisanduku bapa, ukubwa wa kitabu cha sala, nasi tunakiita karte. Upande mmoja kina kebo inayokwenda kwenye kompyuta. Upande wa pili kuna safu ya vishimo vinane vyenye skrubu, na humo tunaingiza nyaya zinazotoka kwenye tanuru dogo la wanafunzi. Nyaya zinahisi joto, karte inaligeuza kuwa tarakimu, kompyuta inachora mstari. Kwa wiki nzima mistari ilikuwa imerukwa na akili. Tanuru likiwa baridi, kompyuta inasema nyuzi mia tisa. Likiwaka, inasema chini ya sifuri, kisha inaandika kwamba hakuna waya uliounganishwa.

Shefu wa vifaa, mkubwa wetu, alikuja, akatazama kioo cha kompyuta kwa muda wa mtu kupiga chafya, akauliza ni nani anayepanguza hapa. Basi, uchunguzi ukaishia hapo. Hakugusa waya hata mmoja. Nilimwomba anipe nafasi nitafute kasoro, akanijibu kwamba kasoro imeshapatikana, na imevaa kitenge. Nasema wazi: nilitamani kumtupia karte usoni.

Nilikuwa na zile siku mbili za mama, basi nikazifanya zangu. Nilianza na programu. Ili kompyuta iitambue karte, inahitaji programu ndogo ambayo mafundi wa kwetu wanaiita pilote. Niliifuta, nikataka kuiweka upya. Mtandao wa taasisi ulikuwa umekufa kitambo, kwa hiyo nilisimama na simu yangu kwenye dirisha linalotazama barabara ya Kambove, mahali pekee panaposhika, nikaivuta kidogo kidogo iingie kwenye kompyuta. Ilipobaki sehemu ndogo tu, umeme ukakatika na kompyuta ikazimika. Nikaanza upya. Ilipofika yote, kompyuta ikaikataa, ikasema yenyewe ni mzee kuliko pilote hiyo.

Ndipo nilipokumbuka ile sahani ya CD iliyokuja pamoja na karte. Ilikuwa kabatini, ndani ya nailoni yake, haijafunguliwa, kwa sababu kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni mpaka kiwe kikuukuu. Niliichana kwa meno. Pilote ikaingia, na kompyuta ikaitambua karte papo hapo. Nilikimbia kwa shefu kumwambia kwamba karte iliyokunywa maji haiitiki hivyo. Alisema hata mgonjwa mahututi huitika jina lake. Jibu hilo lilimpendeza sana, akalirudia mbele ya katibu.

Siku ya pili nilibadilisha kebo. Nikabadilisha tundu la kuichomekea, nikaazima kompyuta nyingine, nikapima nyaya za tanuru moja moja kwa mita. Zote zilikuwa nzima na mistari bado ilicheza. Mama alikuja mara mbili kusimama mlangoni. Aliona uso wangu, akaondoka.

Mchana nikaacha kutazama mistari yote kwa pamoja, nikawa nafungua kishimo kimoja kimoja kwenye kioo. Cha kwanza kimetulia, kinasema joto la chumba. Cha pili vilevile. Cha tatu, cha nne, cha tano na cha sita vinaruka ovyo. Cha saba na cha nane vimetulia. Nikajiuliza, ni maji gani hayo yanayochagua kukaa katikati tu? Nikaigeuza karte nitazame vile vishimo vinne. Juu yake, kwa rangi nyeupe ya mafuta, kulikuwa na numero ya mali.

Mgeni hawezi kuelewa jambo hili bila kuelezwa. Katika mji wetu, tangu enzi za kampuni kubwa ya migodi, kitu kisicho na numero hakipo. Viti vina numero, ngazi ina numero, hata pipa la takataka. Kabla ya ukaguzi anapita mchoraji na kopo lake na brashi nyembamba. Uso wa karte ulikuwa na nailoni, na shefu alikataza isibanduliwe ili mkaguzi aone kwamba chombo ni kipya. Basi kwa amri yake numero ikaandikwa ubavuni, juu ya skrubu. Nilichomoa waya wa kishimo cha tatu. Rangi ilikuwa imetiririka ndani, ikagandia kwenye kile chuma kinachouma waya. Wiki nzima waya ulikuwa umeumwa na rangi. Nami nilikuwa naitazama numero ile kila siku bila kuiona, kwa kuwa kwetu numero ni sehemu ya kitu, kama mkono wa sufuria.

Kisha ikabidi nikae chini. Nilikumbuka nani aliyeshika karte siku ya mchoraji. Ni mimi. Aliniomba niishikilie isiiname, ili numero inyooke, nikaishika kwa mikono miwili, nikamsifia hata mwandiko. Ilipokauka nikazirudisha nyaya mwenyewe na kukaza skrubu. Nyani haoni kundule. Siku mbili nilizozitumia kumchukia shefu, nami nilistahili nusu ya chuki hiyo.

Nilikwangua kishimo cha tatu peke yake kwa sindano na petroli, vingine nikaviacha viwe ushahidi. Nikawasha tanuru. Mstari wa tatu ukapanda taratibu, umenyooka, na ile mitatu mingine ikaendelea na ngoma yake. Nikamwita shefu, nikamwonyesha yote, pamoja na sehemu yangu. Aliinama, akatazama kwa makini kuliko siku zote. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza nani kanipa ruhusa ya kukwangua numero. Nilimwambia kwamba mama hana kosa, na kwamba yeye aifute ile barua.

"Barua iliisha kupata numéro mu registre," alisema, maana ilishaingizwa kwenye daftari la katibu. "Mi ntafanya namna gani?"

Nilirudi mezani nikaandika barua ambayo hakuna aliyeniomba. Niliandika kwamba mama hakumwaga maji, kwamba rangi ilipakwa kwa amri ya shefu, kwamba mimi ndiye niliyeshika karte na mimi ndiye niliyerudisha nyaya. Nikatia sahihi. Nilisimama mbele ya katibu mpaka alipoiingiza kwenye daftari, mstari unaofuata ule wa mama. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kesho yake mchana jibu likaja, lakini halikuja kwangu. Mama aliingia na bahasha mkononi, safari hii akiwa na miwani, ameshaisoma mwenyewe. Alinipa hata hivyo. Ilisema kwamba kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu, na kwa kuwa ni kosa lake la kwanza, uongozi umemsamehe. Rangi haikutajwa, wala shefu. Mimi niliyekiri kwa sahihi yangu sikuandikiwa hata mstari mmoja, kwa sababu nina diploma na ninakaa kwenye kiti.

Nilimwambia angalau kazi yake imebaki. Nilipolisema nikaona aibu. Aliipokea barua, akaikunja mara tatu kama ilivyokuja.

"Balinisamehe juu ya nini, papa?"

Nilichukua sindano, nikaanza kukwangua kishimo cha nne.